Maswali ya Wasomaji: Kwa Miguu kutoka Kidichi hadi Masingini

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni matembezi ya kutwa juu ya vilima vya visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko mbili zilizobaki, kwa sababu aliyeiandika ameeleza wazi yaliyowakuta, na ninajua kuwa wengi yamewafika hayo hayo.

SWALI. Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa mjini. Mwezi uliopita tulitoka marafiki saba, wanawake wanne na wanaume watatu, tukapanda gari hadi Bububu kwa nia ya kutembea kutwa: tupande Kidichi, tuvuke Kizimbani, tupite Dole na tumalizie juu ya Masingini kabla ya magharibi. Tulianza kutembea saa 4 za asubuhi. Tulipofika Kizimbani tulikuwa tumeshagawika makundi mawili. Wa mbele wamechoka kutungoja, na sisi wa nyuma tumechoka kuwafukuzia. Katika bonde la mbele yake misuli ya mguu ilimkaza mwenzetu mmoja akashindwa kunyanyuka, na waliotangulia hawakuwa na habari mpaka walipopigiwa simu. Masingini hatukuiona, na njiani wakati wa kurudi hatukusemezana vizuri. Vilima vyenyewe ni vifupi, na sote ni wazima wa afya. Tulikosea wapi, na tukitaka kurudi tujipange vipi? (Mwalimu, Jang'ombe)

JIBU. Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu mwalimu. Nianze na huo ufupi wa vilima, kwa sababu ndio uliokudanganyeni. Ni kweli kwamba Masingini, ambayo ndiyo sehemu iliyo juu zaidi katika Unguja yote, ina mita 120 hivi kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro na mita zake 5,895 hawezi kulaumiwa akiona kuwa hapo hapana mlima wa kuandaliwa safari. Lakini urefu wa kilele ni hesabu ya mtu anayepanda kilima kimoja akarudi kwa njia aliyopandia. Anayevuka vilima jirani, kimoja baada ya kingine, ana hesabu nyingine: lazima ajumlishe kupanda kote kwa siku nzima, kwa sababu kila bonde humrudisha chini na kumtaka aanze upya. Nyinyi mlianza Bububu, karibu na ufukwe, mkapanda Kidichi, mkateremka, mkapanda Kizimbani, mkateremka tena. Na mlipokwama, mwinuko wa Masingini bado ulikuwa mbele yenu. Nikikadiria, mtu anayeikamilisha njia hiyo kwa vijia vya mashamba amepanda jumla ya mita 300, nazo ni sawa na kuipanda Masingini mara mbili na nusu kutoka pwani katika siku moja.

Kuna kanuni ya zamani inayosaidia kuipima siku ya namna hiyo. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliiandika mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila maili 3 za njia, ambazo ni karibu kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani mita 600 hivi. Njia yenu tuiweke kilomita 16. Kwa kanuni hiyo mnapata saa 3 na dakika 12 za mwendo na nusu saa ya kupanda, jumla yake saa 3 na dakika 42, na mtu akiitazama hesabu hiyo peke yake ataona kuwa siku ni kubwa na kazi ni ndogo. Ila Naismith alikuwa akiwahesabia watu wenye miguu mizuri katika nchi ya baridi, na hakutia ndani yake kula, kupumzika, kusali, wala kusimama kuuliza njia. Hapa kwetu kuna joto, na pamoja na joto kuna unyevu wa hewa unaochelewesha jasho kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Kwa hivyo mimi huongeza nusu ya muda ule kwa mwendo peke yake, nikapata saa 5 na nusu, kisha nikaweka saa 3 za mapumziko, chakula na sala. Ni siku ya saa 8 na nusu. Mlioanza saa 4 mlikuwa mnatarajia kumaliza saa 12 na nusu za jioni, wakati ambao jua linachwa au limeshakuchwa, kwani katika mwaka mzima jua letu halitangulii kuchwa kabla ya saa 12 na dakika 10 wala halikawii zaidi ya saa 12 na dakika 50, na giza la huku halingoji. Safari yenu ilikuwa imekwisha kuharibika kabla hamjashuka garini.

Mara hii salini alfajiri mpande gari ya mwanzo, na saa 12 na nusu muwe mnaiacha barabara ya Bububu nyuma yenu. Kidichi mtafika jua likiwa bado dogo, na msiipite bila ya kuingia katika hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mkae humo robo saa mzitazame nakshi za chokaa kutani, maua na ndege, ambazo unyevu umezila lakini bado zinasomeka. Kizimbani iwe imeshapitwa kabla ya jua kuwa kali. Chakula na sala ya adhuhuri viwe Dole au karibu yake, mahali penye watu na maji, na hapo pumzikeni muda mrefu kwa nia. Masingini iwe ya mwisho, kama mlivyokusudia, na katika hilo mlichagua vyema, kwa sababu msitu ule utakufunikeni kwa kivuli wakati ambao mashamba ya wazi yanachoma.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niiweke barua yako mbele. Unasema wa mbele walichoka kungoja na wa nyuma walichoka kufukuzia. Angalieni mapumziko yenu yalivyokuwa yakienda. Wa mbele wakifika juu hukaa chini, wakanywa maji, wakapiga picha, wakatulia dakika kumi au robo saa. Wa nyuma anapochomoza wanafurahi kumuona, na kwa kuwa wao wameshapumzika, wanasimama. Yeye anafika, anaambiwa pole, na safari inaendelea. Baada ya vilima vitatu wao wamepumzika mara tatu, na yule aliyekuwa na haja zaidi ya kupumzika hajakaa hata mara moja.

Mimi mwenyewe nimewahi kumfanyia hivyo rafiki yangu, na mpaka leo nikikumbuka naona uzito. Tulikuwa watano, katika vilima hivi hivi, na mimi nilikuwa mbele. Kwenye kilima cha tatu mwenzetu wa mwisho alifika, akatupita bila ya kusema neno, akaenda kukaa chini ya mwembe, akatuambia twende zetu. Nilipomsogelea niliona mgongo wa shati lake una mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji ya bahari kwenye ngalawa, na vidole vilikuwa vikimtetemeka alipokuwa akifungua chupa ambayo tayari ilikuwa tupu. Alikuwa ametembea kwa saa tatu bila ya kukaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Mzee mwenye shamba alimletea maji kwa kata, akamtilia chumvi kidogo na sukari, na tukakaa pale mpaka alasiri.

Tangu siku ile nimeshika mambo mawili ambayo ninakuombeni myashike. Kwanza, mwenye mwendo mdogo asiwekwe mwisho. Awe wa pili kutoka mbele, nyuma ya mtu mmoja tu anayeijua njia, na mtu huyo apime hatua zake kwa kusikiliza pumzi za aliye nyuma yake. Mwenye nguvu nyingi ndiye afunge msafara, kwa sababu yeye akichelewa anaweza kufika bila ya kuumia. Pili, kungojana kuwe chini bondeni, si juu peke yake. Watu wote hungojana kileleni kwa sababu ndiko kwenye upepo na mandhari, lakini kundi halikatiki kileleni, linakatika pale wa mbele wanapoanza kuteremka wakati wa mwisho bado anapanda, kwani tangu hapo kunakuwa na kilima kizima, minazi na vipindo vya njia kati yao, na sauti haipiti. Mkifika chini kaeni. Na dakika kumi zenu zianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapokaa, si pale wa kwanza anapofika.

Kuhusu mwenzenu aliyekazwa na misuli, hilo humpata zaidi mtu ambaye msuli wake umechoka kuliko ulivyozoea, na kufukuzia kunachosha kuliko umbali wenyewe. Akishikwa, akae chini, anyooshe mguu, na vidole vya mguu vivutwe taratibu kuelekea kwake mpaka mkazo uachie. Asisuguliwe kwa nguvu wala asinyanyuliwe asimame. Maji mhesabu nusu lita kwa kila saa ya mwendo, kwa hivyo lita 3 kwa kila mtu si nyingi. Dafu ni zuri, nami hulinunua kila ninapolipata, lakini lijulikane kuwa lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho linachukua chumvi; basi mchukue na muhogo wa kuchemsha wenye chumvi yake au njugu za chumvi, pamoja na tende. Kuna dalili moja ambayo ikionekana safari inakwisha hapo hapo: mtu akianza kusema maneno yasiyoshikana, au akipepesuka na ngozi yake ikawa ya moto sana, huyo hapumzishwi kwa dakika kumi. Awekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na itafutwe gari ya kumpeleka hospitali.

Viatu viwe raba zilizokwisha valiwa, si mpya, na ndara zibaki nyumbani. Juu ya vilima mtakanyaga kichanga chepesi, lakini mabondeni kuna kinamo, na kinamo kikilowa hunata kwenye soli tabaka juu ya tabaka mpaka mguu unakuwa mzito mara mbili, kisha mkianza kupanda hutelezesha kama sabuni. Bakora moja kwa kila watu wawili inatosha, ya kupokezana kwenye miteremko. Mkono usipeleke kwenye vichaka kushika bila ya kutazama, kwa sababu ya upupu, na msikae chini ya mkarafuu au mwembe kabla ya kuangalia kama majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, hawakushona majani yake kufanya kiota.

Njia nyingi za huko zinapita katikati ya mashamba ya watu, na hata kati ya nyumba na jiko lake. Pigeni hodi, ombeni njia, na tunda lililoanguka ni la mwenye mti. Masingini ni msitu wa hifadhi, kwa hivyo mwanzo wenu uwe kwa walinzi wake, na mpite njia watakazokuonyesheni. Hapo pana sababu inayomgusa kila mtu wa mjini: chemchemi za Bububu na Mwanyanya zinalishwa na ardhi ya ukingo ule wa vilima, na tangu enzi za Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888 na akawavutia watu wa mji maji ya mifereji, sehemu ya maji tunayokunywa imetoka upande huo. Mvua inayoanguka chini ya miti ile inazama polepole. Miti ikiondoka, mvua itateremka juu kwa juu na kuchukua udongo.

SWALI. Mimi na rafiki zangu tunabishana. Mmoja anasema aliyepita Kidichi na Kizimbani amepanda vilima viwili, mwengine anasema ni kilima kimoja chenye mgongo mrefu. Nani ana haki? (Msomaji, Bububu)

JIBU. Ubishi wenu una historia. Mwaka 1891 Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya Uskoti yenye futi 3,000 na zaidi, yaani mita 914, akatenga vilele vinavyostahili kuitwa mlima peke yake na vile ambavyo ni sehemu tu ya mlima jirani. Hakuweka kipimo maalumu cha kuvitenga, na kwa sababu hiyo orodha imekuwa ikirekebishwa. Sasa ina milima 282. Aliyemfuatia, John Rooke Corbett, alipoorodhesha milima ya kati ya futi 2,500 na 3,000, alitaka kila mmoja uwe umeachana na jirani yake kwa mteremko wa futi 500 kila upande, sawa na mita 152.

Mkikiazima kipimo cha Corbett, kisiwa chote cha Unguja hakina kilima hata kimoja, kwa hivyo hakitufai. Simu nayo haitakupeni jibu la kutegemewa, kwa kuwa vipimo vyake vya urefu hukosea zaidi kuliko vya mahali, na kosa lake linaweza kuwa sawa na bonde zima mnalobishania. Kinachopimwa katika ubishi huu si urefu wa vilele, ni kina cha bonde lililo kati yao. Mimi hutumia pumzi: nikiteremka mpaka pumzi zimerudi kuwa za kawaida, kisha nikapanda mpaka zikapanda tena, nimebadilisha kilima. Kwa kipimo hicho naviona viwili. Na liko jambo jingine ambalo nalipenda: wenyeji hawakuvipa majina vilele, walivipa majina vijiji, na Kidichi na Kizimbani ni watu wawili tofauti katika mazungumzo yao.

SWALI. Sisi ni vijana watano wa Wete. Tunataka kutembea kutwa juu ya vilima vya upande wetu, tukielekea kusini, bila ya kufuata barabara kuu. Wazee wanatwambia tungoje mpaka msimu wa karafuu upite. Je, wana sababu? (Wasomaji, Wete)

JIBU. Wanayo. Lakini kabla ya karafuu, itazameni ardhi yenu. Pemba haina ukingo mrefu wa vilima kama wa Unguja. Ni vilima vidogo vingi vilivyosongamana, na mabonde yenye kingo kali ambayo chini yake hulimwa mpunga, na kwa upande wa magharibi mengi yake huishia kwenye mikono ya bahari yenye mikoko. Mtu akichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Wete kwenda kusini, atalazimika kuteremka na kupanda tangu asubuhi hadi jioni. Fuateni migongo ya vilima, ndiko kwenye vijia vya zamani na ndiko kwenye nyumba, hata kama njia inazunguka. Mkiona mikoko, geukeni mashariki. Msijaribu kuvuka kwa kuwa maji yametoka, kwa sababu yatajaa na nyinyi mko katikati ya tope.

Tangu kimbunga cha Aprili 1872 kilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, zao hili limebebwa na vilima vya Pemba, na katika msimu wake vilima hivyo ni mahali pa kazi. Wachumaji wako juu ya miti ya mita kumi na zaidi, wamevuta matawi kwa kamba, na tawi linalovunjika halimwiti mtu aliye chini kwanza. Kundi la vijana wageni wenye mikoba mgongoni, wakipita shamba la karafuu bila ya kujulikana, humtia wasiwasi mwenye mali, na ana haki ya kuwa nao. Wakati mzuri kwenu ni ule baada ya masika kumalizika na kabla ya uchumaji kushika kasi, upepo wa kusi unapovuma na siku ni za baridi kidogo.

Ikiwa hamuwezi kungoja, mtangulizeni mmoja wenu siku ya kabla yake akazungumze na wenye mashamba, na mtembee asubuhi tu. Mbele ya nyumba na kando ya njia mtazikuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, mchana kutwa zikigeuzwa kwa mikono, na harufu yake mtaisikia kabla hamjaziona. Zungukeni mbali na jamvi, na mpite upande ambao upepo unatoka kwenye karafuu kuja kwenu, ili vumbi la miguu yenu lisiziangukie.